Esansi yenye ethanoli: je, magari na pikipiki za zamani zinaweza kuivumilia?

Mwezi wa nane mwaka 2025, wenye magari na pikipiki nchini India walijaza mitandao ya kijamii kwa malalamiko. Walisema vyombo vyao vinakunywa mafuta kuliko zamani, vingine vinasumbua kuwaka asubuhi, na mipira ya ndani inaisha haraka. Waliyoilaumu ni esansi mpya inayoitwa E20. Ndani ya kila lita 100 za esansi hiyo kuna lita 20 za ethanoli, pombe inayotengenezwa kwa miwa, mahindi au mchele.

Serikali ya India ilijibu kwamba hofu hiyo imepita kiasi. Wizara ya mafuta ilikubali kwamba vyombo vya zamani vinapoteza nguvu kidogo ya mafuta, lakini ikasema hakuna hatari kubwa kwa injini. Kesi ilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ikiomba raia wapewe nafasi ya kuchagua esansi isiyo na ethanoli. Tarehe 1 mwezi wa tisa, majaji waliikataa.

Kwa mkaaji wa Bunia, Butembo au Bukavu, ubishi huo unaweza kuonekana kuwa wa mbali. Lakini pikipiki za TVS na Bajaj, ambazo zinalisha maelfu ya familia za mashariki mwa Congo, ni za makampuni ya India. Upande wa magari, mitaa imejaa Toyota zilizokwisha kutembea miaka mingi Japani au Ulaya kabla ya kufika huku. Na esansi inayozitembeza hupita kwanza katika nchi za jirani, ndipo ifike kwenye pampu au kwenye chupa ya kadafi kando ya barabara.

Nchi hizo za jirani nazo zimeanza kufikiria ethanoli. Uganda, ambako hupita mafuta yanayoingia kwa njia ya Kasindi na Mahagi, ilipitisha mwaka 2020 sheria inayoruhusu kuchanganya mafuta ya mimea ndani ya esansi na mazuti hadi asilimia 20. Kusini zaidi, Malawi na Zimbabwe zinachanganya tayari. Kwa hiyo mwenye Corolla ya mwaka 1995 au pikipiki yenye kabureta ana sababu ya kuuliza: siku esansi hiyo itakapoingia ndani ya tangi yangu, injini itafanya nini?

Ethanoli ni kitu gani

Ethanoli ni pombe ileile iliyo ndani ya kanyanga au lutuku. Tofauti ni kwamba ile ya kuchanganya na esansi imekaushwa mpaka karibu maji yote yakatoka. Kanyanga ya kijijini ina maji mengi, na mtu asijaribu kuimimina ndani ya tangi akifikiri ni kitu kimoja.

Herufi E na namba inayofuata huonyesha kiasi cha juu cha ethanoli. E5 ni asilimia 5, E10 ni asilimia 10, E20 ni asilimia 20. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwezi wa kumi mwaka 2018, kila pampu inapaswa kubeba kibandiko cha duara chenye alama hiyo, ili dereva ajue anachoweka.

Serikali zinaipenda ethanoli kwa sababu zinazoeleweka. India inanunua nje zaidi ya asilimia 85 ya mafuta ghafi yake, na kila lita ya ethanoli inayotoka kwa mkulima wa miwa au wa mahindi inapunguza deni hilo. Ethanoli pia ina oktani ya juu kuliko esansi ya kawaida, ndiyo maana husaidia injini isigonge inapopanda mlima na mzigo mzito.

Lakini kuna hasara ambayo hakuna anayeibisha. Lita moja ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na lita moja ya esansi. Kadiri inavyoongezwa, ndivyo chombo kinavyotembea kilometa chache kwa lita ileile.

Mambo manne yanayotokea ndani ya injini ya zamani

Jambo la kwanza linahusu mipira na vyuma. Ethanoli hupenya ndani ya aina fulani za mpira, ikaufanya uvimbe, ulainike, kisha upasuke. Mabomba ya mafuta, joints za kabureta na kiwambo cha pampu katika magari ya zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa mpira wa aina hiyo. Kizibo kinachofanywa kwa koki nacho huharibika. Upande wa vyuma, zinki, magnesi, alumini na tangi za zamani zilizopakwa risasi ndani huanza kuliwa na kutu, hasa chombo kikikaa muda mrefu bila kutembea. Bomba la mafuta likipasuka karibu na injini yenye moto, hatari inakuwa ni moto wenyewe, kuliko gharama ya spea.

Jambo la pili ni usafi. Ethanoli huosha. Tangi iliyotumia esansi ya kawaida kwa miaka 20 ina uchafu ulioganda chini na kwenye kuta. Ethanoli ikiingia, uchafu huo huachia na kukimbilia kwenye filta na kwenye vitundu vidogo vya kabureta. Gari huanza kukatakata barabarani, na mwenye gari husema amenunua mafuta mabaya, wakati uchafu ulikuwa wake mwenyewe tangu zamani.

Jambo la tatu ni hewa. Ethanoli imebeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo inahitaji hewa kidogo kuliko esansi ili iungue vizuri. Gari yenye injeksheni na kipima oksijeni kwenye ekzosi hutambua hali hiyo na kuongeza mafuta yenyewe. Kabureta haina akili hiyo. Inaendelea kutoa kipimo kilekile, na injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Dalili zake mafundi wanazijua: kuwaka kwa shida asubuhi, kusitasita mtu anapofungua gesi, joto kubwa, na buji inayotoka nyeupe badala ya rangi ya kahawia.

Hapa kuna jambo linalowahusu wakaaji wa milimani. Butembo, Goma na Bukavu ziko juu, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta ambayo haikurekebishwa kwa miinuko hiyo kwa kawaida hutoa mafuta mengi kupita hewa. Kwa hiyo ethanoli kidogo inaweza isisikike sana huko, wakati pikipiki ileile ikiwa Uvira au Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, itaonyesha dalili mapema zaidi.

Jambo la nne ni maji, na pengine ndilo zito kuliko yote kwa mashariki mwa Congo. Esansi ya kawaida haichanganyiki na maji. Maji hushuka chini ya tangi na fundi huyatoa. Ethanoli inapenda maji na huyavuta hata kutoka hewani. Esansi ya E10 inaweza kubeba karibu nusu ya asilimia moja ya maji bila kuonyesha kitu. Kwa tangi ya pikipiki ya lita 10, hayo ni mililita 50 hivi, kama kikombe kidogo cha kahawa.

Maji yakizidi hapo, au baridi ya usiku ikishuka sana, mchanganyiko hutengana. Maji na ethanoli hushuka pamoja chini, palepale bomba linaponyonyea, na injini inazima. Esansi inayobaki juu nayo imepoteza oktani yake. Mahali ambapo mafuta hukaa katika mabidoni yasiyofunga vizuri, hupakuliwa kwenye mvua na kuuzwa kwa chupa, hali hiyo si ngumu kutokea.

Nchi nyingine zilifanya nini

Uingereza ilifanya E10 kuwa esansi ya kawaida mwezi wa tisa mwaka 2021. Serikali yake ilisema karibu asilimia 95 ya magari ya esansi yanaweza kuitumia, na kwamba magari yote yaliyotengenezwa tangu mwaka 2011 hayana shida. Kwa wenye magari ya zamani, iliacha esansi ya daraja la juu yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, na ikafungua huduma ya intaneti ambapo mtu anaweza kuangalia kama gari yake inafaa. Mwenye gari kuukuu analipa zaidi, lakini anacho cha kuchagua.

Marekani iliruhusu E15 mwaka 2011 kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2001, baada ya majaribio. Magari ya kabla ya hapo hayaruhusiwi. Pikipiki, mashine za kukata majani na injini za mashua pia hazikuruhusiwa, kwa sababu nyingi hazina mtambo wa kujirekebisha.

Australia ilikwenda mbali zaidi katika tahadhari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Orbital iliijaribu E20 kwa niaba ya serikali, ikiweka magari ya zamani ndani ya majaribio hayo. Matokeo yalionyesha kutu kwenye vyuma na uharibifu wa sehemu za mpira na plastiki. Mwaka 2003 nchi hiyo iliweka kikomo cha asilimia 10.

Brazili ndiyo mfano unaotajwa na wanaounga mkono ethanoli. Ilianza mpango wake mwaka 1975, na tangu tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2025 esansi yake ya kawaida ina asilimia 30 ya ethanoli. Lakini viwanda vya Brazili vimekuwa vikitengeneza magari kwa ajili ya pombe kwa zaidi ya miaka 40, na tangu mwaka 2003 magari yanayokubali mchanganyiko wowote yanauzwa huko. Hata hivyo, esansi ya daraja la juu ilibaki na asilimia 25.

Afrika nayo ina historia yake. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa kutoka Dwangwa tangu mwaka 1982. Zimbabwe ilianza mwaka 1980 huko Triangle, ikaacha baada ya ukame wa mwaka 1992, kisha ikarudi na kiwanda cha Chisumbanje. Tangu mwaka 2013, kuchanganya ni lazima kwa sheria. Kiasi chake hupanda na kushuka kufuatana na mavuno ya miwa, na hilo ni taabu kwa mwenye kabureta: akiirekebisha kwa mchanganyiko wa leo, kesho unaweza kuwa mwingine.

India: ni nani alisema kweli?

Kwa kuangalia nyaraka za serikali ya India yenyewe, pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Ripoti ya mwaka 2021 ya NITI Aayog, taasisi ya serikali inayopanga maendeleo, ilikadiria kwamba magari yaliyotengenezwa kwa esansi tupu na kurekebishwa kwa E10 yangepoteza asilimia 6 hadi 7 ya umbali kwa kila lita yakitumia E20. Kwa pikipiki za hali hiyo, hasara ilikadiriwa kuwa asilimia 3 hadi 4. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa E10 na kurekebishwa kwa E20, ni asilimia 1 hadi 2 tu.

Mwaka 2025, wizara ya mafuta iliongeza maelezo mengine: baadhi ya vyombo vya zamani vinaweza kuhitaji kubadilishiwa mipira na joints baada ya kilometa 20.000 hadi 30.000. Ilisema kazi hiyo ni rahisi na haigharimu sana wakati wa matengenezo ya kawaida.

Kilichowaudhi raia zaidi ni mambo mawili. Kwanza, vyombo vilivyotengenezwa kwa kuvumilia E20 vilianza kuuzwa kwa lazima mwezi wa nne mwaka 2023 tu. Yaani idadi kubwa ya vyombo vilivyokuwa barabarani ni vya kabla ya hapo, na E10 iliondoka kwenye pampu nyingi. Pili, esansi mpya haikuuzwa kwa bei ya chini, ingawa ina nguvu pungufu. Serikali ilieleza kwamba bei ya ethanoli imepanda na kupita ile ya esansi.

Hesabu kwa taximan

Asilimia 3 au 4 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa taximan wa pikipiki anayechoma lita 5 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni lita 4 hadi 5 zinazopotea kila mwezi. Kwa taksi ya gari inayochoma lita 15 kwa siku na kupoteza asilimia 6 hadi 7, ni karibu lita moja kila siku. Mwisho wa mwezi inapita bidoni ya lita 20. Taximan anayelipa versement kwa mwenye chombo kila jioni hawezi kumwambia kwamba siku hiyo mafuta yalikuwa mepesi.

Chombo kipi kina usalama?

Magari makubwa ya mazuti, kama Land Cruiser nyingi na malori ya mizigo, hayahusiki na mjadala huu. Ethanoli huchanganywa na esansi.

Magari ya esansi yenye injeksheni, yaliyotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, kwa sehemu kubwa yanavumilia E10. Kampuni ya Toyota imekubali E10 kwa aina nyingi za magari iliyouza Ulaya tangu mwaka 1998, isipokuwa baadhi ya injini. Lakini gari iliyouzwa ndani ya Japani ni habari nyingine. Huko, esansi ya kawaida haikuruhusiwa kupita asilimia 3 ya ethanoli, kwa hiyo gari hiyo haikutengenezwa lazima kwa kufikiria zaidi ya hapo. Anayenunua gari kuukuu anaweza kuanza kwa kufungua kifuniko cha tangi na kitabu cha gari: mengi huandika kiasi kinachoruhusiwa.

Magari yenye kabureta, yaani mengi ya kabla ya miaka ya 1990, ndiyo yenye hatari zaidi. E5 kwa kawaida hupita bila kelele. E10 inataka kwanza mipira ibadilishwe. E20 haifai kuwekwa bila kubadilisha mipira, kusafisha tangi na kurekebisha kabureta.

Pikipiki za zamani zenye kabureta ziko katika kundi hilohilo. Uzuri wake ni kwamba bomba la mafuta na joints zake hazigharimu sana, na fundi mzoefu anaweza kuweka jikleri kubwa kidogo ili mafuta yaongezeke.

Kupima kwa chupa

Mtu anaweza kujua kama esansi ina ethanoli bila mashine yoyote. Inahitajika chupa nyembamba ya kioo inayoonyesha ndani, na kipimo kidogo, kwa mfano kifuniko. Mimina kipimo kimoja cha maji ndani ya chupa na uweke alama pale maji yanapofikia. Ongeza vipimo vitano vya esansi, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie dakika kumi.

Mstari wa chini ukibaki pale ulipokuwa, hakuna ethanoli. Ukipanda kwa nusu ya kipimo, esansi ina karibu asilimia 10. Ukipanda kwa kipimo kizima, ni karibu asilimia 20. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na moto, sigara na watoto, na esansi iliyopimwa isirudishwe ndani ya tangi. Kipimo hiki hakionyeshi mafuta ya taa yaliyochanganywa na esansi, udanganyifu ambao nao huharibu injini.

Mtu akigundua ethanoli, hatua ni chache na zinafahamika: kubadilisha mabomba ya mpira kwa yale yanayovumilia ethanoli, kubadilisha filta baada ya tangi mbili au tatu za kwanza, kuangalia rangi ya buji, na kukagua kila asubuhi kama kuna harufu au unyevu wa esansi chini ya chombo. Chombo kitakachokaa wiki nyingi bila kutembea, hasa wakati wa mvua, ni afadhali tangi na kabureta vimwagwe.

Swali la mwisho si la fundi

Majibu ya nchi zilizojaribu yanakaribiana. Hadi asilimia 10, magari mengi ya injeksheni yanatembea bila shida. Kupita hapo, chombo cha zamani kinahitaji kutayarishwa, au kipewe esansi ya aina nyingine. Uingereza iliweka alama kwenye pampu na kuacha pampu ya pili. India haikuacha pampu ya pili, na raia wakaenda mahakamani.

Mashariki mwa Congo, ambapo esansi nyingi huuzwa kwa chupa bila alama yoyote, dereva hana pampu ya pili wala kibandiko cha kusoma. Anayo chupa ya kioo, kifuniko cha maji, na dakika kumi za kusubiri kabla ya kuanza kazi.